Jina la Mtoto wa Koletha

Projestus, tajiri ambaye tumbo lake lilimtangulia mlangoni, alimzika mdogo wake asubuhi, na jioni akamswaga ng'ombe wa marehemu pamoja na ndama wake hadi zizini kwake. Mjane, Koletha, alipojifungua, Projestus akaja tena.

"Shemeji, mtoto atabatizwa kwa jina langu. Asiyefikishwa kwa padre hana jina."

"Jina kubwa hilo," Koletha akasema kwa upole. "Atalibebaje bila maziwa? Mrudishie ng'ombe, nami Jumapili nitamfikisha kwa padre."

Projestus akavimba kichwa. Alimleta ng'ombe mchana kweupe na kuwatangazia majirani kuwa ni zawadi ya mtoto, ili wamsifu.

Jumapili padre aliuliza kama mtoto amewahi kubatizwa.

"Ndiyo, Padre," Koletha akajibu. "Alizaliwa akipumua kwa shida. Mkunga akammwagia maji kichwani akisema, 'Audax, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.' Ndilo jina la marehemu baba yake."

"Basi ni halali," padre akasema. "Ubatizo haurudiwi. Nitamalizia kumpaka mafuta tu."

Projestus akamnong'oneza mjane, "Na ng'ombe wangu?"

"Mtoto nimemfikisha kwa padre, kama nilivyoahidi. Ubatizo ndio haurudiwi, shemeji. Zawadi unaweza kurudia. Ndama wake bado yuko kwako."