Kumbikumbi wa Nyumba ya Masunga

Paukwa? Pakawa. Palisimama nini? Nyumba. Sasa pana nini? Vumbi. Basi sogeeni, na anayetaka kusinzia atoke, maana hadithi hii inanitia hasira hata leo.

Hapo kale palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi, au Mama Kulwa kwa jina la mwanawe aliyekwisha kuhama. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, na paa lote lilibebwa na nguzo ya katikati. Chini ya nguzo hiyo alilala mama mkwe wake, ajuza asiyeweza tena kutembea. Mumewe, Masunga, alikuwa na mdomo mwepesi na masikio mazito.

Siku moja Mjusi akasema kutoka ukutani, "Mama Kulwa, Mama Kulwa, tazama ukuta."

Nyamizi akatazama. Kijia chembamba cha udongo kimepanda kutoka sakafuni mpaka darini. Akakibandua, mchwa weupe wakatawanyika.

"Baba Kulwa, mchwa wameingia."

"Kandika juu yake. Ukuta udongo, kijia udongo, hasara iko wapi?"

Nyamizi akakandika, amenuna.

Mjusi akasema tena, "Mama Kulwa, Mama Kulwa, gonga nguzo."

Akagonga. Nguzo ikalia utupu. Akaibonyeza, kidole kikazama.

"Baba Kulwa, nguzo imeliwa. Kata nyingine."

"Nguzo hii aliisimamisha baba yangu."

"Na mama yako anayelala chini yake?"

"Mama hajalalamika."

Yaani mtu na akili zake anajibu hivyo.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mjusi akasema, "Mama Kulwa, Mama Kulwa, tazama wanaotoka."

Kumbikumbi walikuwa wakimiminika kutoka ukutani, mbawa zimejaa kizingitini. Masunga akakimbilia beseni, uso umemnawiri.

"Wenzangu wanalowa huko kwenye vichuguu. Mimi wananifuata nyumbani."

"Kichuguu chao ni nyumba yetu. Tuwachimbue leo, tuwaue."

"Nikiwaua, mwakani nitakula nini?"

Akawakaanga, akatia chumvi, akala peke yake. Nyamizi alikasirika. Akambeba ajuza mgongoni, akatoka naye mvuani.

"Tunakwenda wapi, mwanangu?"

"Jikoni, mama. Pale mwanao hajapaharibu."

Ndani, Masunga aliyeshiba akaegemea nguzo. Nguzo ikakatika, paa likashuka lote. Majirani wakamfukua akiwa mzima, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Akachechemea hadi jikoni.

"Mama Kulwa, nitalala wapi?"

"Mchwa wamekula nyumba, nawe umekula mchwa. Nyumba iko tumboni mwako. Kalale humo."

Masunga akamtazama mama yake. Ajuza akajifunika shuka, akamgeuzia mgongo.

Hadithi yangu imekomea hapo, iliyobaki imeliwa na mchwa. Mkiona kijia ukutani, msikikandike, kifukueni. Gongeni nguzo zenu. Mkiona mbawa mlangoni, msikimbilie kikaango. Na wewe unayecheka huku umeegemea nguzo yangu, sogea.