Deraya ya Malkia Mwanakheri

Hadithi!
—Tupe.
Ni nzito.
—Tutasaidiana kuibeba.

Hapo kale paliondokea malkia, jina lake Mwanakheri. Alitawala ndani ya deraya, vazi la vita la shaba lenye nakshi za dhahabu, na kofia ya chuma iliyofunika uso. Mbele ya deraya ile kila mtu aliweka paji la uso sakafuni. Aliyeinua macho, alitolewa macho.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuifunga na kuifungua mikanda yake: Shekuwe, mume wa malkia.

Siku moja malkia akakataa kufunguliwa. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu Shekuwe akaweka sikio kifuani pa deraya. Kimya. Akamwita kwa jina la nyumbani, Kheri. Kimya. Kisha mkono wa shaba ukainuka, ukamwonyesha mlango.

Mnanitazama nini? Mke akikasirika husema. Huyu hakusema.

Shekuwe akaenda kwa Waziri, akamweleza kuwa mkewe amekufa, naye anaomba mwili akauzike. Waziri akacheka.

"Bwana Shekuwe, maiti huinua mkono?"

"Anayeinua si yeye."

"Basi huyo anayeinua anatutosha."

Asubuhi baraza likajaa, watu wakainama. Shekuwe akapita katikati yao, akasimama nyuma ya kiti. Akafungua mkanda. Akafungua mkanda. Akafungua mkanda. Deraya ikatulia, kama ilivyozoea chini ya mikono yake. Mkewe akamwangukia kifuani, mwepesi kama kanga iliyoanikwa ikakauka. Akaifunga tena mikanda, akamweka mkewe begani, akatoka naye. Waziri alilala kifudifudi mlangoni. Akamruka. Hakuna aliyeinua macho.

Nyuma yake deraya tupu ikainua mkono, na watu wakaitikia, "Tumesikia, Malkia."

Shekuwe akamwosha mkewe. Alama za mikanda mabegani hazikutoka. Akamzika makaburini kwa wazazi wake.

Jioni akaja mjumbe.

"Bwana, leo Malkia amesema. Anakuulizia. Anasema mle ndani mna baridi."

Shekuwe alikuwa bado ana udongo mikononi.

"Mwambie aniwie radhi," akasema. "Nimefiwa na mke."

Yangu yamekwisha. Ikiwa imewafaa, nendeni nayo.
—Na ikiwa imetutisha?
Niachieni mimi. Nimeizoea.