Mbah Sarinten na Inggih ya Miguu

Paukwa, wenzangu.

Pakawa.

Paukwa tena, aliyekaa nyuma naye asikie.

Pakawa, tumesikia sote.

Basi zamani, zamani ile isiyo na mwaka, palikuwa na kijiji katika kisiwa cha Jawa. Jina lake halikutufikia, nami sitalibuni. Kilikuwa katikati ya vilima viwili. Mashamba ya mpunga yalishuka kama ngazi, moja chini ya jingine, na maji yakashuka nayo. Chororo, chororo, kutoka ngazi ya juu hadi ngazi ya chini. Nyumba za mianzi, bata matopeni, nyati wachache. Kijiji kimya. Mtu akikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanamuulizia hali.

Watu wake walikuwa wapole kupita kiasi. Neno la kukataa walikuwa nalo, lakini hawakulitumia kwa mgeni wala kwa mkubwa. Kumwambia mtu "hapana" usoni, kwao, ilikuwa kama kumtemea mate. Wao walijibu "inggih". Hiyo inggih yao ni kama naam yetu. Umeitwa, inggih. Umesikia, inggih. Umekubali, inggih. Hata hukukubali, inggih. Mwenzako atajua mwenyewe, maana hutanyanyuka kufanya alichotaka.

Mlinzi wa maji alikuwa mwanamke mzee, Sarinten. Walimwita Mbah, maana yake bibi, kwa kuwa alikuwa bibi wa kijiji kizima. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga lango la mfereji, ubao mmoja tu wa mti mgumu. Wapo wanaosimulia kwamba alikuwa mganga. Hakuwa. Alikuwa mjane mwenye goti bovu, aliyejua kila shamba linakunywa kiasi gani.

Siku moja, mpunga ukiwa unajaza masuke, akaja mgeni. Jina lake Kertadipa, msimamizi wa miwa ya tajiri mmoja wa bonde la chini. Akapita shamba kwa shamba, pwata, pwata, matopeni. Akamkuta mkulima mmoja, Wiryo, anapalilia.

"Ndugu Wiryo," akasema, "miwa ya bwana wangu inakauka. Tunataka kuukata mfereji pale langoni, maji yote yashuke kwetu. Tutaanza siku ya tano kutoka leo. Unasemaje?"

Wiryo akautazama mpunga wake. Mpunga unaojaza masuke ukikosa maji siku kumi, hubaki na masuke matupu. Masuke matupu ni mwaka wa njaa. Lakini mgeni yuko mbele yake, tena amevua kofia.

"Inggih," akasema Wiryo.

Kertadipa akaenda shamba la pili. Inggih. La tatu. Inggih. Aliuliza watu arobaini na mmoja, akapata inggih arobaini na moja. Sikuongeza hata moja. Mbah Sarinten hakuulizwa, maana siku hiyo goti lilimlaza kitandani.

Jioni Wiryo akamweleza mkewe, Tukinem.

"Ukamjibu nini?" akauliza Tukinem.

"Inggih."

"Inggih ipi?"

"Si hii ya kawaida. Ataelewa."

"Kaelewa sana. Ndiyo maana kaondoka anapiga mluzi. Basi mwaka huu nitakupikia hiyo inggih yako, wewe utafute kitoweo chake."

Na kila nyumba walisema hivyo hivyo. Ataelewa. Yule ni mtu mzima, ataelewa.

Siku ya tano Kertadipa akaja na wanaume kumi na majembe kumi. Langoni wakamkuta Mbah Sarinten amekaa juu ya ubao wake. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake, kila mtu anatazama vidole vyake vya miguu.

"Samahani, Mbah," akasema Kertadipa, "naomba utupishe."

"Karibu, mwanangu. Kunywa maji kwanza." Akanywa. "Haya, umekuja kufanya nini?"

"Kuukata mfereji, Mbah. Wenyewe wamekubali. Watu arobaini na mmoja, wote wamesema inggih."

"Inggih ya mdomo au inggih ya miguu?"

"Ya miguu siijui."

"Unaijua. Wewe si wa ng'ambo, ni wa bonde hili hili la chini." Mbah akageuza shingo. "Wiryo, mwanangu."

"Inggih, Mbah."

"Yule nyati wako nipe, awe wangu kabisa."

"Inggih, Mbah." Wiryo hakusogea.

"Na nyumba yako nipe."

"Inggih, Mbah." Hakusogea.

"Na Tukinem aje akae kwangu, awe ananikanda goti, asirudi kwako tena."

"Inggih, Mbah," akasema Wiryo, na Tukinem akamfinya mgongoni. Watu wakacheka chini chini.

"Basi niazime jembe lako, hapa panavuja."

"Inggih, Mbah." Na kabla neno halijaisha, Wiryo alikuwa ameshaondoka. Pwata, pwata, pwata. Akarudi na jembe, ko, ko, ko, akaziba panapovuja.

"Umeziona zote mbili?" akauliza Mbah.

Wale wanaume kumi walikuwa wanacheka. Kertadipa hakucheka. Alifuta jasho.

"Nimeziona, Mbah. Lakini bwana wangu hayupo hapa. Mimi nilimpelekea inggih arobaini na moja, naye amezipokea. Nikirudi leo nitamwambia nini? Nipeni mtu mmoja, mmoja tu, aniambie hapana. Nikiisikia kwa masikio yangu, tunageuka sasa hivi."

Maji yakaendelea kushuka. Chororo, chororo.

Wiryo akafungua mdomo, akaufunga. Tukinem, ambaye nyumbani hakosi neno, akawa anatazama bata. Hata Mbah Sarinten alijaribu. Neno likafika kwenye meno, likarudi. Mwanaume wa kwanza akainua jembe. Wa pili naye akainua.

"Ngojeni kidogo," akasema Mbah. "Kosa ni langu. Nawatafutia watu wangu neno ambalo hawajawahi kumwambia mgeni."

Akasimama kwa goti lake bovu. Akampa mgeni mgongo, akawaelekea watu wake.

"Wanangu, mnataka maji haya yabaki hapa mpaka mpunga uiname?"

"Inggih," wakasema.

"Inggih ipi?"

Tukinem akakunja nguo yake magotini, akashuka mferejini, chubwi, akaketi pale pale palipotakiwa kukatwa. Wiryo akamfuata, chubwi. Chubwi, chubwi, chubwi, wazee kwa vijana. Wale arobaini na mmoja na watu wa nyumba zao wakaketi ndani ya maji, maji yakiwafika kifuani, mikono wameipakata kama wageni wa arusi wanaosubiri chakula. Hakuna aliyegomba. Hakuna aliyenuna.

Majembe yakashuka moja moja.

Kertadipa akawatazama. Kisha akaketi ukingoni, akashusha pumzi, puuuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mbah," akasema, "nikwambie kweli. Bwana aliponituma, niliona kabisa kwamba jambo hili si zuri. Nikamjibu inggih. Nikadhani ataelewa."

Mbah akacheka mpaka akashika goti. "Kumbe wewe ni wa arobaini na mbili. Sikiliza, mwanangu. Mpunga ukiinama hautaki maji tena. Zimebaki siku kumi na mbili. Siku hiyo lango hili nalifungua mwenyewe, maji yote yashuke kwenu. Miwa itaweza kungoja?"

"Miwa ni miwa, itangoja. Asiyeweza kungoja ni bwana."

"Mwambie uliyoyaona kwa macho. Asipoamini, aje. Nafasi ya kukaa mferejini bado ipo."

Kertadipa akaenda, akasema, safari hii akasema yote. Tajiri alinung'unika siku nzima. Kesho yake akakubali kungoja.

Siku ya kumi na mbili mpunga ukainama, mzito, rangi ya asali. Kertadipa alikuwa anajiandaa kupanda kwenda kuwakumbusha. Akasikia majembe, ko, ko, ko. Akatoka nje. Watu wa kijiji walikuwa wameshafika bondeni na majembe yao, wanazibua mfereji mbele ya maji, na maji yanawafuata nyuma, chororo, chororo, mpaka kwenye shina la kwanza la muwa. Hakuna aliyekwenda kuwaita.

Mwaka ule ghala za mpunga zilijaa, na miwa ikasimama. Kijiji kikarudi kwenye ukimya wake, lakini ukimya wa watu walioshiba.

Kwa hiyo, wenzangu, ukimuuliza jambo mtu mpole, usiondoke na maneno ya mdomo wake peke yake. Ngoja uone miguu yake inaelekea wapi. Na wewe uliye mpole, usimwachie mwenzako kazi yote ya kukuelewa.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Atakayeibeba, aibebe bila kuipunguza.