Mfuko wa Kushoto

Sogeeni karibu. Hadithi hii inataka waamuzi, kwa kuwa waliomo ndani yake wameshindwa kuamua.

Katika milima ya Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, Mzee Mchome na mkewe Namkunda walikuwa na watoto watatu. Elinihaki, wa kwanza, alijua kusema na wakubwa bila kutetemeka. Nakijwa alijua kuchagua, alichokuletea kilikufaa. Kiangi, kitinda mimba, alikuwa fundi cherehani.

Moyo wa Namkunda ulipoanza kwenda mbio ovyo, Elinihaki ndiye aliyempeleka hospitali. Akasimama na madaktari mpaka mama akawekewa kifaa chini ya ngozi, kifuani upande wa kushoto, cha kuushtua moyo ukichachamaa. Mama akacheka: "Sasa mimi ni redio, natembea na betri." Walipewa karatasi ya maonyo. Elinihaki akamsomea, ila mstari wa sumaku akauruka. Mama alikuwa mwoga, naye hakutaka kumwongezea hofu.

Nakijwa akamletea simu mpya. Ili isipasuke kwenye mawe ya shamba, akaivalisha kava nene linalojifunga kwa sumaku.

Kiangi akaona mama anaichomeka simu kifuani, kama wanawake wote wa pale, nayo inadondoka kila anapoinama kuchimba tangawizi. Akamshonea blauzi nne zenye mfuko wa ndani. Mfuko akauweka kushoto, ili mkono wa kulia uufikie upesi.

Upesi wa nini? Kila adhuhuri Mzee Mchome alimpigia kutoka mashineni alikokoboa mahindi.

"Umekula?"

"Nimekula, Baba Elinihaki. Wewe je, au umeshiba pumba?"

Juzi simu iliita, haikupokelewa. Walimkuta amelala kando ya tangawizi alizochimba, amekwisha kukata roho. Daktari alikipima kile kifaa, akaulizia simu na mahali ilipokaa, kisha akasema taratibu: "Kifaa ni kizima. Lakini sumaku ikikaa juu yake hakishtui, hata moyo ukienda mbio namna gani."

Kesho ni maziko. Kwao wasifu wa marehemu husomwa kaburini, na lazima useme kifo kilikujaje. Mzee Mchome ndiye anayeuandika, na watoto wamemzunguka.

"Andika jina langu, baba," alisema Elinihaki. "Mimi niliuruka mstari."

"Sumaku ni yangu," alisema Nakijwa, ambaye tangu juzi hajatia kitu mdomoni.

"Na mfuko je?" Kiangi akamgeukia. "Ulishona wewe?"

"Nyamazeni, wanangu. Na aliyekuwa akipiga simu kila siku, mmemsahau?"



Mzee aliitazama karatasi. Akiandika tu kwamba moyo ulisimama, watoto wake watabaki na siri itakayowala mmoja mmoja. Akiandika yote, kijiji kitawanyooshea vidole watoto ambao hawakumtakia mama yao ila mema. Tena kwenye kwaya itakayoimba mazikoni yuko mama mwingine mwenye kifaa kama kile, naye kesho atasimama pale kaburini, simu kifuani.

Kalamu imesimama baada ya maneno "Alifariki kwa sababu".

Enyi mliosikia, mzigo huu ni wa nani kati ya hao wanne? Au si wa yeyote? Na kama kalamu ingekuwa mkononi mwako, wewe ungeumalizia vipi mstari huo?