Tumbo la Kiboko ni Maji Tu

– Paukwa.
– Pakawa.
– Pakawa na nini?
– Mtungi.
– Mtungi wa nini?
– Wa asali.
– Asali ya nani?
– Ya wagonjwa.
– Sasa mbona domo la Kiboko linanata?

Hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza niliuliza hivyo hivyo.

Basi sikilizeni. Hapo kale, katika Jimbo la Mto Tope, kila ukoo ulikuwa na kibuyu chake cha asali ya dawa. Mtoto akikohoa, asali. Mzee akiungua, asali. Wenye vibuyu vikubwa walipona, wenye vibuyu vidogo walizikana. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeshangaa.

Ikaja amri ya Mfalme Tembo, amri ya nchi nzima. Mambo ya vibuyu yaishe. Kila jimbo liwe na mtungi mmoja. Kila mwezi kila nyumba ilete masega kwa kadiri ya uwezo wake, na mgonjwa yeyote anywe. Mtungi ukikauka, jimbo litanunua asali nyingine kwa mtama wake wa mbegu.

Wanyama wadogo walifurahi. Bi Pimbi alicheza ngoma mpaka akateguka mguu. Mnamjua pimbi? Mdogo, hana mkia, anakaa miambani. Alikuwa akiishi na mama yake mzee, na kibuyu chao kilikuwa hakizidi ngumi.

Mkuu wa Jimbo alikuwa Kiboko. Mtungi akapewa yeye, upawa akapewa yeye, kazi ya kupima uwezo wa watu akapewa yeye. Akasema mbele ya baraza, "Uwezo wa mtu huonekana kwa nyumba yake." Akaanza kupita, ndi, ndi, ndi.

Nyumba ya Swala: nyasi. "Sega moja."

Nyumba ya Ndezi: nyasi. "Sega moja."

Nyumba ya Bi Pimbi: mwamba. Kiboko akasimama. "Nyumba ya mawe. Kumbe tuna tajiri hapa. Masega matatu."

Bi Pimbi akashtuka. "Mkuu, hili ni pango. Sikulijenga, nililikuta."

"Ni jiwe, si jiwe?"

"Ni jiwe."

"Basi matatu."

"Na wewe, mkuu, nyumba yako i wapi?"

"Mimi sina nyumba. Nalala matopeni, maskini wa Mungu. Hata mlango sina."

"Na hilo tumbo?"

Kiboko akalipapasa taratibu. "Hili? Hili ni maji tu."

Aliyasema hayo hadharani, watu wote wakisikia. Ikaandikwa hivyo daftarini: Kiboko, hana nyumba, halipi kitu. Wanangu, niliposimuliwa mpaka hapa niliweka kikombe changu chini.

Bi Pimbi akalipa. Mwezi wa kwanza masega matatu, wa pili matatu, mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa tano mama yake akashikwa na kifua. Kifua kikali, anapumua hrrr, hrrr. Bi Pimbi akakimbia kwenye mtungi.

"Weka unyayo kwenye tope, tuone kwa alama yako kama umo daftarini," akasema Kiboko.

"Nauweka."

"Hautokei. Tope limekauka. Rudi kesho."

Kesho yake akarudi. Mama hali tena.

"Weka unyayo."

"Nauweka."

"Hautokei. Leo tope lina maji mengi. Rudi kesho."

Siku ya tatu akarudi. Mama hata maji hamezi. Bi Pimbi hakungoja kuambiwa aweke unyayo, aliugonga mtungi kwa kucha yake. Ngo! Mtupu. Akamtazama Kiboko. Nzi walikuwa wamejaa mdomoni pake, na hawakuweza kuruka, wamenata.

Masega ya jimbo zima, ya miezi mitano, yote yamo mle tumboni. Na mama yake yuko pangoni anahesabu pumzi.

Asali nyingine ilikuwa moja tu, mtungi wa akiba, nao ulikuwa kwa Korongo, mganga wa mfalme, umezibwa kwa nta. Lakini Korongo haitwi na pimbi. Huitwa na mkuu wa jimbo.

Bi Pimbi akajikaza. "Pole, mkuu," akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya ugonjwa. Tangu uliposema tumbo lako ni maji, sijapata usingizi. Tumbo la maji ndilo lililomuua babu yangu. Ugonjwa mkubwa kama huo huitiwa Korongo na mtungi wake wa akiba."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Mtungi mzima?"

"Mkuu, mimi ni pimbi, nitajua wapi? Ila sijamsikia Korongo akiitwa akaja mikono mitupu."

Ngoma ikapigwa papo hapo. Kiboko akajilaza chali uwanjani, akaguna, "Uuu, uuu." Bi Pimbi akambeba mama yake mgongoni, akaja kukaa nyuma yake. Akawa wa pili kwenye foleni.

Korongo akatua na mtungi. Akavunja nta mbele ya watu wote, kama desturi, kisha akauliza, "Nani mgonjwa?"

"Mimi," akasema Kiboko. "Tumbo langu ni maji. Jimbo zima ni shahidi."

"Alisema kweli?"

"Alisema," wakaitikia wote.

Korongo akatikisa kichwa. "Masikini. Tumbo la maji halipewi asali, asali huliongeza. Dawa yake ni mwarobaini, vibuyu saba. Na mwenye nalo hashiki upawa tena, asije akaambukiza."

Kiboko akafumbua macho.

"Au si maji?" akauliza Korongo. "Kama si maji ni shibe. Mwenye shibe analipa, na kuna miezi mitano nyuma."

Kiboko akafikiri. Mnamwona anavyofikiri? "Ni maji," akasema.

"Haya, kunywa. Anayefuata."

"Mama yangu," akasema Bi Pimbi.

Mama Pimbi akanyweshwa upawa wa kwanza, akakohoa. Wa pili, akavuta pumzi ndefu. Wa tatu, akauliza kwa nini hapa pana kelele hivi.

Ni kwamba Kiboko alikuwa amefika kibuyu cha saba. Gu, gu, gu. Akacheua. Bweeee! Uwanja mzima ukanukia asali. Watu wakatazamana, midomo wazi.

Nyuki nao wakaisikia harufu. Malkia wao akasema, "Hiyo ni ya kwetu." Wakaja, vuuuuu, wingu zima. Kiboko mbio, ndi, ndi, ndi, mtoni, chubwi! Mpaka leo anashinda majini, pua tu nje.

Mnacheka. Ngojeni. Mtungi ulikuwa umeshakauka, na amri ni amri. Jimbo likauza mtama wa mbegu, na msimu ule mashamba mengi yalilala bila kupandwa. Ukaja upimaji mpya, kwa daftari lilelile. Bi Pimbi: nyumba ya mawe, masega matatu. Kiboko: hana nyumba, analala mtoni, tena ni mgonjwa. Halipi kitu, na kila mwezi jimbo linampelekea kapu la majani mabichi la kumpa pole.

Nilikasirika mimi. Mpaka leo nina hasira.

Basi wanangu, funzo lenu ni hili: msikae kwenye nyumba za mawe. Na mkimwona mwenye tumbo kubwa msimseme vibaya, ni mgonjwa, mchangieni.

Ngano yangu nimeitua. Aliyeiona tamu alambe vidole. Aliyeiona chungu, ule mwarobaini, kibuyu cha nane kimebaki.