Saa ya Maji Iliyowafuturisha Watu Mchana

Wamesimulia wema waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi fundi wa ala za kupimia wakati, jina lake Maamari bin Thabiti. Pato lake lote liliishia kwenye chungu cha mkewe Rababu, kwani nyumba yao ililisha vipofu. Aliyeumiza kichwa kujua kesho wale nini ni Rababu.

Maamari aliubunia msikiti saa ya maji. Ilijazwa adhuhuri, na alasiri vumbi lilipofunika jua, mwadhini aliifuata hiyo kuadhini magharibi. Ramadhani ile iliangukia kiangazi. Siku moja vumbi halikupanda. Rababu alimpelekea mumewe maji ya kutawadhia, akamkuta ameduwaa uani mwa msikiti: maji ya saa yamekwisha, na jua bado liko juu ya ukuta. Aliipima wakati wa baridi, akasahau kwamba maji yakipata joto hukimbia. Mji mzima ulikuwa ukifuturu mchana.

Rababu akamsihi azibe kidogo tundu la kutolea maji, kisha anyamaze. Akisema, nani atanunua ala zake? Na vipofu watakula nini?

"Usemayo ni kweli, Rababu," akajibu. "Lakini saumu za watu ziko shingoni mwangu."

Baada ya sala akasimama, akawaambia waumini kosa lake. Wakamtukana, mmoja akamuuliza kama na kaburi lake atalipima kwa maji. Wakalipa siku zao kwa manung'uniko. Wateja wakakatika, chungu kikakauka, na vipofu wakaondoka mmoja mmoja wakipapasa kuta, hadi akabaki mzee Hurethi.

"Wewe huendi, baba?" Rababu akamuuliza.

"Niende wapi, binti yangu? Mimi jua silioni. Nilifuturu kwa macho ya mumeo, na macho hayo yakaniambia yamekosea. Nitapata wapi mengine ya kuniambia hivyo?"

Rababu akamjazia kikombe. Hakuwa na cha kumpa ila maji.

Ramadhani iliyofuata vumbi likapanda tena. Mwadhini akaja mlangoni, macho chini, akauliza kama jua limezama. Maamari alikuwa kitandani, hoi.

"Sijui," akasema. "Ngojeni."

Mji wote ukangoja na njaa yake, mpaka giza likaingia pasi shaka. Hakuna aliyeleta hata unga. Maamari alifariki kabla ya Idi.

Ndugu zangu, tusidanganyane: ukweli haukujaza chungu cha Rababu. Lakini watu wenye njaa walizuia mikono yao kwa neno la mgonjwa, kwa kuwa aliwahi kuwaambia amekosea. Mola atujaalie ulimi kama ule, na subira ya kuishi nao.