Mtungi wa Bweha na Vigae vya Mji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa hiyo ya nani, ya waliovimbiwa? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Na nyie wakubwa mlio huko nyuma, acheni kunong'ona. Hadithi hii inawahusu nyie kuliko hawa watoto.

Hapo zamani za kale, ng'ambo ya mbali, palikuwa na nchi ya milima na mawe. Mlima, bonde, bahari. Mlima, bonde, bahari. Juu mlimani walikaa Mbuzi. Chini bondeni walikaa Kobe. Ufukweni walikaa Nguchiro. Kila kijiji na moto wake, kila kijiji na mkubwa wake, na kila mkubwa na kiburi chake. Hata salamu hawapeani.

Mbwa mwitu walilijua hilo. Leo wanapanda mlimani, wanakula Mbuzi. Kobe wanasema, "Si wetu hao." Kesho wanashuka ufukweni, wanakula Nguchiro. Mbuzi wanasema, "Si wetu hao." Keshokutwa bondeni, kacha! kacha! kacha! Magamba ya Kobe yanapasuka. Na kila kijiji kinalia peke yake.

Siku moja Nyegere wa bondeni akachoka. Nyegere mnamjua: mfupi, mpana, haogopi nyuki wala nyoka. Akachukua kaa la moto jikoni kwake, akaliweka katikati ya uwanja, pale njia tatu zinapokutana. Akapaza sauti:

"Enyi Mbuzi, leteni kaa! Enyi Nguchiro, leteni kaa! Enyi Kobe, leteni kaa!"

Wakaja. Wengine kwa hofu, wengine kwa umbea tu. Makaa yakakutana, puu! Moto ukawa mmoja. Wakasema, "Moto mmoja, mji mmoja."

Mbwa mwitu walipokuja tena, walikuta mambo mapya. Kobe wamejipanga gamba kwa gamba, ukuta mzima. Mbuzi wako juu yao wanaporomosha mawe, gudu gudu gudu! Nguchiro wako chini wanauma visigino. Na Nyegere yuko mbele ya wote. Mbwa mwitu walikimbia mpaka ng'ambo ya mlima wa tatu, wakakaa huko wakilamba vidonda.

Sasa, nani atawale? Hapo ndipo penye kazi, wasikilizaji wangu. Kumfukuza adui ni rahisi kuliko kukaa na jirani.

Wakasema, "Mfalme hatutaki." Wakaweka jiwe moja karibu na moto, jiwe la kukalia msimamizi wa mji. Kila mwaka wanatia kunde katika kapu, nyeusi tele, nyeupe moja. Anayetoa nyeupe ndiye anakaa kwenye jiwe, mwaka mmoja, kisha anainuka.

Wakaweka na sheria ya pili. Mara moja kwa mwaka kila mmoja aje na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika jikoni kwake. Juu ya kigae achore wayo wa mnyama anayejifanya mkubwa kuliko mji. Vigae vya mnyama mmoja vikifika hamsini, aondoke kabla jua halijazama, akae mbali mvua kumi, kisha arudi. Nyumba yake haiguswi. Shamba lake haliguswi. Watoto wake hawatukanwi.

Miaka ikapita, mji ukanenepa. Zeituni zikazaa, soko likajaa kelele.

Basi palikuwa na Bweha. Huyo alikaa mlimani, ulimi wake laini, macho yake kwenye jiwe. Kila mwaka anatia mkono kapuni, anatoa kunde nyeusi. Kila mwaka nyeusi. Akawaza, "Nikimwondoa Nyegere, mji utaogopa mbwa mwitu. Mji ukiogopa, utatafuta mfalme. Na mfalme nipo."

Siku ya vigae ilipokaribia, Bweha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hodi hodi!

"Karibu."

"Ndugu yangu Mbuzi, najua una zeituni za kuvuna. Utapata wapi nafasi ya kutafuta kigae? Nimekuletea."

"Ee, na wayo umeshachorwa?"

"Nimekuchorea. Wewe ukatupe tu."

"Mungu akubariki, shemeji!"

Kigae hicho kina wayo wenye kucha tano ndefu. Wa nani? Wa Nyegere! Nyumba ya pili, vilevile. Nyumba ya tatu, vilevile. Na wao wanapokea, wanashukuru. Nataka kuwatukana, lakini watoto wanasikia.

Siku ikafika. Vigae vikatupwa kapuni, kwa! kwa! kwa! Vikahesabiwa. Nyegere, sitini!

Nyegere akatazama huku, akatazama kule. Akasema, "Sheria niliiapia mimi mwenyewe." Akaenda kukunja mkeka wake. Mkewe analia, wanawe wanalia. Na kule mlima wa tatu, habari zilishafika. Uuuuuu! Mbwa mwitu wanaimba mchana kweupe.

Bweha akasogea karibu na jiwe. "Ndugu zangu, msiogope, mimi nipo..."

Lakini palikuwa na Bi Kobe mfinyanzi. Kila mwaka vigae vikishahesabiwa, Bi Kobe huvichukua, akavitwanga, akachanganya unga wake na udongo mbichi ili vyungu vipya visipasuke motoni. Akainama kuvizoa, pole pole. Akashika kimoja. Akashika cha pili. Mkono ukasita.

"Mbona udongo mmoja?"

Akaweka kigae kando ya kigae. Taka! Vikashikana. Akaweka cha tatu. Taka! Cha nne. Taka! Jua linashuka, Bi Kobe anapanga. Nyegere anafunga mzigo, Bi Kobe anapanga. Nyegere yuko langoni, Bi Kobe anapanga.

"Mama, harakisha!"

"Niacheni. Kobe gani mlimwona anakimbia?"

Vigae kumi na kimoja vikabaki pembeni, kila kimoja na rangi yake. Vigae arobaini na tisa vikasimama. Wasikilizaji, vilikuwa mtungi! Mtungi mzima, una shingo, una tumbo, una kitako. Ila tumboni pana tundu moja.

Mama Nguchiro akajitokeza kwenye kundi, mikono ina unga. "Tundu hilo ninalo mimi. Bweha aliniletea kigae. Nikamwambia, baba, kwangu watoto tisa, vyungu vinavunjika kila siku, kigae cha kupewa cha nini? Nikatupa changu. Chake nimefunikia chumvi."

Akakimbia, akakileta. Taka! Tundu likaziba.

Bi Kobe akaugeuza mtungi. "Tazameni kitako, alama ya ukucha wangu. Mtungi huu nilimfinyangia Bweha, arusi ya bintiye."

Bweha akabwata, "Ulivunjika! Mtungi kuvunjika ni kosa?"

"Kuvunjika si kosa. Ila vipande vyake vimetembeaje nyumba hamsini?"

Mbuzi wakaanza kutazama kwato zao. Aibu iliwashika, na iwashike kweli!

Wakapiga mbio langoni. "Nyegere, rudi! Tumefuta!"

Nyegere akarudi, mkeka begani. Lakini hakuutua. Akasema, "Msinirudishe kwa huruma. Rudieni. Kila mtu na kigae chake, na jina langu limo."

Wakarudia. Safari hii kila mmoja alikwenda jikoni kwake. Waliokosa chungu kibovu walivunja kizima, pwaa! Mji mzima pwaa! pwaa! Vigae vikahesabiwa. Bweha, mia na ushei. Nyegere, kumi na kimoja.

Bweha akafunga mzigo. Hakuna aliyemzomea. Mbuzi alimwambia, "Shamba lako tutalipalilia." Akashuka njia akilia, mvua kumi mbele yake. Kule mlima wa tatu, mbwa mwitu wakanyamaza.

Nyegere akamkimbilia Bi Kobe, akamshika miguu. "Mama, umeniokoa. Nionyeshe hao maadui zangu kumi na mmoja."

Bi Kobe akatia mkono pembeni, akatoa kigae chekundu. "Kimoja hiki hapa. Changu."

"Chako?"

"Mara ya kwanza changu, mara ya pili changu. Kunde nyeupe aliipata Nguchiro mwaka huu, lakini jiwe umelikalia wewe tangu mavuno. Leo unasema umechoka, kesho unasema umechoka. Sasa utainuka lini?"

Nyegere akalitazama jiwe. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, na alikaa vumbini pamoja na wengine. Jiwe hakulikalia tena.

Wasikilizaji wangu, maana yake ni hii: ukipokea kigae cha mwingine, umempa na mji. Chako kitoe jikoni kwako, ukichore mwenyewe, na umchore hata unayempenda akikosea.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye jiwe lililo wazi. Anayelitaka angoje kunde yake.